Kanisa, msikiti au makaburi yenu yamechomwa kwenye vurugu za kikabila? Soma hii kabla hujashika koleo

Kila vurugu zikitulia mahali, maswali yanayoingia kwenye simu yangu ni yale yale. "Tumeruhusiwa kurudi, tuanze kusafisha?" "Madaftari ya ubatizo yamelowa, tuyaanike juani?" "Kuna mfadhili anataka kubomoa atujengee jipya, tukubali?" "Usiku nani alinde?" Nimekuwa nikijibu mtu mmoja mmoja na kila mara nasahau kitu, basi leo naweka yote hapa, ukiulizwa na mwenzako mtumie.

Nakuandikia wewe mtu wa kawaida, katibu wa kanisa, kijana wa kamati ya msikiti, mzee wa kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda pwani ya Kenya), mwalimu ambaye nyumba yake iko karibu na makaburi. Mifano mingi nitaitoa Kosovo na Bosnia huko Ulaya, kwa sababu kule majirani walichomeana makanisa na misikiti kama ilivyotokea kwetu, na kazi ya kurudisha imeshapita miaka zaidi ya 20 kwa hiyo tunaona wazi kipi kilisaidia na kipi kiliongeza hasara. Ila hatua zenyewe utazitumia ukiwa Ituri, Bonde la Ufa, Tana River, popote.

Kitu kimoja kikae kichwani kabla ya yote: kazi ya kwanza sio kujenga, ni kuzuia kilichobaki kisipotee. Mji wa Gjakova kule Kosovo una msikiti wa Hadum, wa miaka ya 1590. Mwaka 1999 wakati wa vita ulichomwa pamoja na soko la zamani, mnara ukaangushwa, maktaba na chuo cha Kurani pembeni vikaungua, kuta zikabaki zimesimama. Mwaka uliofuata likaja shirika la misaada kutoka nje, lina pesa na lina nia ya kujenga upya, likaingiza tingatinga likasomba zile kuta za maktaba na chuo. Yaani kilichoponea vita kikaondolewa na msaada. Mimi habari hii huwa naisimulia kila mahali, manake watu wakishaona tingatinga limeletwa bure hawaulizi tena.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ripoti polisi. Kenya utapewa namba ya OB, Tanzania RB, iandike kwenye daftari ukurasa wa kwanza kabisa.
- Watu watano au sita, sio hamsini. Wawili wawe wazee wanaopajua mahali hapo tangu zamani.
- Simu mbili zenye kamera nzuri, pawabanki, flashi mbili.
- Daftari lenye jalada gumu na penseli. Nasema penseli kwa sababu ikilowa haichuruziki kama wino wa kalamu.
- Futi ya kupimia, kamba, vigingi, chaki.
- Glavu ngumu, barakoa, helmeti, buti zenye soli nene. Kandambili hapana, misumari ya mabati yaliyoungua inapenya.
- Maturubai, mbao, magunia ya kujaza mchanga.
- Makreti au maboksi masafi, tishu nyeupe zisizo na rangi wala manukato, karatasi nyeupe.

Kama hamna hela ya vyote, nunueni turubai kwanza. Vingine mtaazima.

Hatua zenyewe

1. Usiingie mpaka mtu anayejua amesema pako salama

Ukuta uliopigwa moto unaweza kusimama wiki mbili halafu ukaanguka siku ya upepo. Umeme ukatwe kuanzia mita. Ukiona gruneti, risasi, kopo lenye nyaya au kitu chochote usichokielewa usikisogeze hata kwa kijiti, weka alama mbali, toka kwa njia uliyoingilia, ita polisi au jeshi. Na mkikuta mabaki ya binadamu kazi inasimama hapo hapo, hakuna kufunika wala kuhamisha, polisi waje na familia zijulishwe. Najua mtu anaona ni heshima kuwazika haraka, lakini kuna familia itakaa miaka inauliza ndugu yao yuko wapi na jibu lilikuwa pale sakafuni.

2. Kaa chini na wenye mahali

Hata kama wewe ndio mwenye gari na mwenye turubai, mahali ni pa wenyewe. Uliza nani anaruhusiwa kuingia wapi, kipi hakipigwi picha, viatu vinavuliwa wapi. Ukienda kaya za Wamijikenda bila wazee umeshaharibu kabla hujaanza, na hilo halihitaji sheria ya serikali kulijua. Misahafu na Biblia zilizoungua usiamue wewe zifanyweje, imamu au padri ndiye atasema.

Halafu, na hapa watu wengi hunikasirikia, mtafute mtu wa upande wa pili aingie kwenye kamati. Angalau mmoja, awe anaheshimika. Kosovo baada ya vurugu za Machi 2004, ambapo makanisa na monasteri zaidi ya 30 za Waserbia (Wakristo wa Orthodox) ziliharibiwa ndani ya siku mbili, iliundwa tume ya ukarabati chini ya Baraza la Ulaya, na ndani yake walikaa kanisa la Waserbia na wataalamu wa taasisi za Kosovo zenye Waalbania (wengi wao Waislamu), meza moja. Haikuwa rahisi, kuna wakati walikuwa hawaelewani kabisa, lakini kazi ilifanyika. Kamati ya upande mmoja ikijenga, upande wa pili unaona ni ngome inajengwa.

3. Piga picha kabla ya kugusa chochote

Zungukeni nje kwanza kutoka pembe nne, halafu ingieni na kufuata ukuta kwa mkono wa kulia mpaka mrudi mlangoni. Kila kitu picha tatu: ya mbali, ya kati, ya karibu, na kwenye ile ya karibu weka futi ionekane ukubwa. Kwenye daftari andika namba ya picha, tarehe, saa, nani kapiga, umesimama wapi. Maandishi ya matusi ukutani yapigwe picha nayo, usiyafute kwa hasira siku ya kwanza.

Picha zisihaririwe, zisipakwe filta. Na usizitume WhatsApp kama picha za kawaida, zinapunguzwa ubora na zile taarifa za siku na saa zinapotea, zitume kama dokumenti au hamisha kwa waya. Nakala mbili kwenye flashi mbili, nyumba mbili tofauti. Kwa nini najisumbua hivi? Kwa sababu kushambulia jengo la ibada au la kihistoria kwa makusudi wakati wa vita ni kosa la kivita. Mwaka 2016 mahakama ya kimataifa ya jinai, ICC, ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa kubomoa makaburi ya mawalii kule Timbuktu, Mali. Ushahidi wako unaweza kukaa kwenye flashi miaka kumi halafu siku moja ukahitajika.

Usipost. Mapema hii usipost kabisa, ntarudi kwa hili kwenye ulinzi. Na kwa sehemu za siri kama kaya zima lokesheni ya kamera, manake wezi nao wanaangalia picha. Vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao za kumbukumbu ya wafu, viliibwa mpaka vikaja kukutwa kwenye makumbusho Marekani.

Hapo hapo anza kukusanya picha za zamani. Watu wanasema hawana, wanazo, ni za harusi, kipaimara, maulidi, mazishi. Kuna kanisa moja dogo tulikuwa tumekwama hatujui dirisha la nyuma ya madhabahu lilikuwaje, kila mzee anachora la kwake, mpaka mama mmoja akaleta picha ya harusi yake imefifia, bibi harusi katikati na shela limemfunika nusu, na juu ya bega lake la kushoto dirisha zima linaonekana na vioo vyake vyote, vitatu juu vinne chini. Fundi alihesabu kwa ncha ya penseli.

4. Kifusi sio takataka

Gawa eneo kwa kamba na vigingi liwe miraba, kila mraba upe herufi. Kila kilichotoka mraba B kinabaki na B. Jiwe lenye mchongo, kipande cha mlango, bawaba, kengele iliyopasuka, vigae, hata mbao iliyoungua nusu, vyote vinapewa namba. Andika kwa chaki sehemu isiyo na nakshi, usipake rangi ya mafuta.

Msikiti wa Ferhadija kule Banja Luka, Bosnia, ulijengwa 1579, ukalipuliwa Mei 1993 na mawe yakasombwa kwenda kutupwa. Walipokuja kuujenga tena ilibidi mawe yatafutwe jalalani na majini, yasafishwe moja moja, yatambuliwe yalikaa wapi. Msikiti ukafunguliwa 7 Mei 2016. Hesabu mwenyewe miaka, halafu ujiulize kama huwezi kukaa siku nne na kamba na chaki.

Kosa la kawaida hapa ni kugawa mabati na mbao kwa vijana kama malipo ya kusafisha. Usifanye hivyo, kesho utashindwa kutofautisha nani aliiba na nani alilipwa.

5. Funika kabla ya mvua

Moto unaharibu siku moja, maji yanaharibu kila siku. Mji wa Prizren kule Kosovo kuna kanisa la Mama wa Mungu la Ljeviš, la mwanzo wa karne ya 14, lenye picha za ukutani za thamani kubwa sana. Lilichomwa Machi 2004, na baadaye wezi wakaja kubandua risasi iliyoezekwa paani, ile metali laini nzito, wakaiuze. Paa likishafunguka maji yanashuka ukutani nyuma ya picha, chumvi inatoka, rangi inabanduka vipande kama ngozi.

Turubai liwe na mteremko ili maji yasituame katikati, litokeze nje ya ukuta maji yadondoke mbali na msingi, na libaki na nafasi ya hewa chini yake, ukilibana kabisa ndani kutaota ukungu. Usipigilie misumari kwenye kuta za zamani, funga kwenye fremu ya mbao inayojisimamia au kandamiza kwa magunia ya mchanga. Chimba mfereji mdogo kuzunguka. Ukuta ulioinama uegemezee nguzo za mbao, ila hilo fundi mwenye uzoefu alifanye.

6. Okoa karatasi na vitu vya kubeba

Karatasi iliyolowa inaanza ukungu ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo hii mara nyingi inatangulia hata kifusi. Madaftari ya ubatizo, ya ndoa, ya nikaha, hati za kiwanja, orodha ya waliozikwa. Usilifungue kwa nguvu daftari lililogandana. Lisimamishe kwenye kivuli penye hewa inayopita, kurasa zijiachie zenyewe, weka tishu nyeupe kila baada ya kurasa kadhaa, badilisha zikilowa. Juani hapana, karatasi inajikunja na wino unafifia. Magazeti hapana, wino wake unahamia. Zikiwa nyingi kuliko mikono yenu, zifunge kwenye mifuko ya plastiki na kuziweka kwenye friza ya mtu, hata ya duka la samaki, zikishaganda zinasubiri mpaka mpate nafasi. Picha za kuchapa zianike zikiangalia juu, usiguse uso wake.

Vitu vya thamani vikihamishwa, kila kimoja kiwe na picha, namba, maelezo mafupi, saini mbili, na mahali kilipopelekwa. Orodha nakala tatu. Kisipelekwe chumbani kwa mtu mmoja hata awe mwaminifu namna gani, unamwekea mzigo wa kushukiwa maisha yake yote.

7. Ulinzi

Walinzi wawe mchanganyiko, zamu fupi, bila silaha, na daftari la nani kaingia nani katoka. Kazi yao ni kuona na kupiga simu mapema, sio kupigana. Pale ambapo kuna askari, waombeni wakae pale pale langoni badala ya kupita tu na gari. Machi 2004 monasteri ya Dečani ilibaki salama kwa sababu wanajeshi wa Italia walisimama na hawakuondoka, wakati Prizren majengo yaliachwa yakaungua.

Sasa uvumi. Vurugu zile za Kosovo ziliwashwa na habari kwamba watoto watatu wa Kialbania wamezama mto Ibar wakikimbizwa na Waserbia wenye mbwa. Polisi wa Umoja wa Mataifa walichunguza hawakupata ushahidi wa hilo, lakini habari ilikuwa imeshazunguka kwenye televisheni na watu 19 walikufa. Ndio maana nakuambia usipost picha ya madhabahu iliyokojolewa au kaburi lililofukuliwa jioni ile ile. Chagueni mtu mmoja wa kusema, akisema aseme kilichothibitishwa tu, na awe na namba ya mwenzake wa upande wa pili apige simu kabla ya kusambaza.

Kuna pia ile alama ya ngao ya bluu na nyeupe ya mkataba wa Hague wa 1954, inayoonyesha jengo limelindwa vitani. Msijichoree wenyewe, kwenye jengo inawekwa kwa kibali cha maandishi cha mamlaka ya nchi.

8. Ndio sasa ukarabati, na angalia saruji

Kabla ya kurekebisha jengo la zamani uliza ofisi ya mambo ya kale. Tanzania Bara majengo ya kabla ya 1863 yanalindwa na sheria ya mwaka 1964, Kenya kuna sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, ukibomoa tu unaweza kujikuta wewe ndio mshtakiwa.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unarekebishwa kwa chokaa. Fundi atakuambia saruji ni imara zaidi, na ni kweli ni ngumu, tatizo ni huo huo ugumu wake. Ukuta wa chokaa unapumua, unanyonya unyevu na kuutoa. Ukipaka saruji juu unyevu unanaswa ndani, chumvi inasukuma, baada ya misimu michache ya mvua plasta inadondoka na vipande vya jiwe. Misikiti ya zamani pwani imeumia hivi bila vita yoyote.

Mfadhili akija, maandishi kwanza: nini kitabaki, nini kitajengwa, nani anaidhinisha ramani, na hakuna kubomoa chochote bila saini ya kamati.

9. Ibada irudi au pabaki kumbukumbu?

Hili lisiamuliwe na mchungaji peke yake wala na serikali peke yake. Rwanda makanisa watu waliyokimbilia mwaka 1994 yakageuka machinjio. Nyamata haikurudi kuwa kanisa, ni mahali pa kumbukumbu, nguo za waliouawa ziliwekwa juu ya mabenchi, na mwaka 2023 iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na Murambi, Gisozi na Bisesero. Lakini Sainte-Famille pale Kigali misa inaendelea. Kwetu Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa 1 Januari 2008 na watu ndani, wengi wanawake na watoto. Sehemu kama hiyo waulizeni waliofiwa, kwa faragha, nyumba kwa nyumba, sio kwenye mkutano ambapo mwenye sauti kubwa anawasemea wote. Na msiharakishe. Mtu anayesema "jengeni" mwezi wa pili anaweza kusema "acheni" mwaka wa pili, na zote mbili ni haki yake.

Ikikwama

Wazee wamekataa mtu wa upande wa pili kwenye kamati. Usiwalazimishe. Anza na kazi ndogo, mfano huyo mtu wa upande wa pili awaazimie turubai au ngazi kwa majirani zake. Ukishaazima ngazi mtu atakuja kuichukua, na akija mtaongea.

Watu wameshasafisha kabla hujafika. Ulizeni kifusi kilimwagwa wapi mkakifuate leo hii kabla hakijajazwa kwenye mashimo ya barabara. Andikeni kwa kumbukumbu za waliosafisha nini kilikuwa wapi, kila mtu peke yake, halafu mlinganishe.

Ukungu umeshaota kwenye madaftari. Vaa barakoa, yatenge na mengine, yakaushe kwanza, ukungu ukishakauka fagia taratibu kwa brashi laini ukiwa nje. Ukipangusa ukiwa bado mbichi unausugua ndani ya karatasi.

Tunataka kuweka jiwe la msingi kwa sherehe kubwa, wageni, spika. Ngojeni. Tarehe 7 Mei 2001 watu walikusanyika kuweka jiwe la Ferhadija, umati ukawavamia, mzee mmoja alijeruhiwa na baadaye akafariki. Wekeni jiwe kimya asubuhi na watu kumi, sherehe mtafanya jengo likisimama.

Wenyewe wamekimbia, hakuna hata mmoja aliyebaki. Hapa ndio jirani uliyebaki una kazi kubwa kuliko wote. Funga milango, funika paa, fyeka njia ya makaburini moto wa nyasi usifike, piga picha kama nilivyoeleza. Nunua kufuli mpya yenye funguo tatu, moja kaa nayo, moja kwa chifu, ya tatu itafute njia imfikie mzee wao kule kambini, na kila mwisho wa mwezi mtumie picha ya mlango ukiwa umefungwa.